Nusu siku kwa Watoda wa Ooty: mandhari nyota tano, karatasi nyota moja

Niseme mapema: mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa Mombasa, na habari za matamshi ndizo ninazozipenda hadi wanafunzi wangu wakanibandika jina la Bi. Kimadende, yaani ile r ya ulimi kutetemeka. Kwa hiyo maoni haya juu ya matembezi ya kwa Watoda, wenyeji wa asili wa milima ya Nilgiri nchini India, yataegemea upande ambao msafiri mwingine hatausumbukia. Ukitaka tu kujua kama mandhari ni mazuri na chai ni ya moto, basi mandhari ni mazuri, chai ni ya moto, nenda. Mwenye subira ya kusikia habari za ulimi na ufizi, akae.

Nilifika huko kwa njia ya hospitali. Mombasa ni nadra ukoo usio na mtu aliyepata kwenda India kwa matibabu, na mara hii zamu ilikuwa yetu. Mzee wangu alibadilishwa goti mjini Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu, nami nikakaa naye nikimhesabia vidonge na kumgombeza juu ya mazoezi. Siku ya kumi mwanangu akafika kutoka Nairobi kunipokea. Akanitazama uso, akasema, "Mama, toka hapa. Popote. Siku mbili."

Popote pakawa Ooty, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari katika milima ya Nilgiri, jina lenye maana ya milima ya buluu. Ile treni ndogo ya mlimani ya kutoka Mettupalayam, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2005, tiketi zake zilikuwa zimekwisha kitambo. Wanaoitaka wakate mapema, wasifanye kama mimi. Nikapanda basi. Kona za njia ile, mtu wa pwani abebe ndimu ya kunusa. Na huko juu baridi inakungoja mlangoni pa basi. Nilikuwa na sweta moja na leso mbili. Vyote vitatu nilivivaa kwa pamoja na sikuona haya.

Nyumba ya wageni niliyolala ina ubao pale mapokezi, na ubaoni pamebandikwa tangazo la matembezi ya nusu siku: nyika za juu, makao ya Watoda, utarizi wa Kitoda, chakula cha mchana. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta miwani, "na maneno machache ya Kitoda." Rupia 1,800 kwa mtu. Nikamuuliza yule kijana wa mapokezi, hayo maneno machache anayafundisha nani? Akasema ni mama mmoja na binti yake, lakini wageni wengi wakifika hapo huwa wamechoka, wanaomba warudishwe. Nikamwambia mimi ndiyo kwanza nitakuwa naanza.

Matembezi yenyewe sitayasema sana. Ni saa moja na nusu, mwendo wa mtu mzima, kupitia mashamba ya chai ambayo mtu wa Kericho angedhani amerudi kwao, kisha msitu wa mikaratusi, kisha kwa ghafla nyika tupu yenye majani mafupi, na mabondeni vichaka vya miti ya asili vilivyojikunja kama kondoo waliolala. Kijana aliyetuongoza ni Mtamil wa mji huohuo, mpole, aliyeniita amma, yaani mama, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Alitueleza kwamba Mwingereza John Sullivan alipanda huku mwaka 1819, na baada yake wenzake wakaja na chai, na mikaratusi, na bustani. Nyika tunayoiona ndiyo iliyosalia ya malisho. Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayekuonyesha mahali palipokuwa na nyumba ya babu yake.

Watoda wenyewe ni kama elfu mbili tu. Hao ndio watu wote wanaoizungumza lugha hii duniani. Shule moja ya sekondari ya kwetu Mombasa inaweza kuwakusanya wote uwanjani. Wanajiita Ol, maana yake watu. Ni wafugaji wa nyati, hawa nyati wa maziwa wenye pembe ndefu zilizopinda kama mwezi mwandamo, na kwa desturi hawali nyama. Maziwa kwao si chakula tu. Hekalu la Mtoda ni nyumba ya maziwa: humo ndimo maziwa ya nyati watakatifu yanamosindikwa, na anayeingia ni mhudumu wake aliyetakaswa kwa kazi hiyo. Wanawake hawaingii. Tulionyeshwa moja kwa mbali, ukuta wa mawe umeizunguka, nasi tukasimama tulipoambiwa tusimame. Mzungu mmoja katika kundi letu alitaka kusogea na kamera. Kijana wetu akakohoa tu, na kikohozi kile kilitosha.

Likumbukeni neno maziwa. Litarudi.

Kwenye makao yenyewe, nyumba za sasa ni za matofali na rangi, zina dishi la televisheni. Lakini pembeni ipo ile ya kale, ambayo picha zake mmeziona hata kama hamkujua ni za nani: paa la majani lililoviringwa kuanzia ardhini hadi ardhini, kama pipa lililokatwa katikati kwa urefu na kulazwa. Mlango wake hauzidi urefu wa mtoto wa chekechea. Uliingia kwa kutambaa. Niliinama, goti langu likanikumbusha ya mzee wangu hospitalini, nikaridhika kuchungulia.

Wenyeji wetu walikuwa watatu: bibi wa makamo ya mamangu kama angekuwa hai, binti yake wa miaka kama arobaini anayejua Kiingereza vizuri, na mzee mmoja aliyekaa juani na shali yake bila kusema neno hadi mwisho. Shali yenyewe, ile wanayoiita puthkuli, ni nguo nzito ya pamba nyeupe yenye mistari na nakshi za uzi mwekundu na mweusi. Nakshi hizo ni kazi ya wanawake, na tangu mwaka 2013 zina ulinzi wa kisheria wa India kwamba hakuna mwingine wa kuziita za Kitoda. Binti alinionyesha anavyofanya. Hachori. Hapimi kwa rula. Anahesabu nyuzi za kitambaa kwa kidole, anapitisha sindano, anahesabu tena. Na ukigeuza nguo, upande wa pili nao umetulia, hauna mafundo ya aibu. Nilikua nikimtazama nyanya yangu, Kibokoni, akishona kofia za viua tundu kwa tundu hadi macho yakamtoka machozi. Nilijua ninachokiona. Saa nzima ilipita hapo na sikulalamika.

Sasa somo.

Tuliketi kibarazani. Wenzangu wawili waliomba kurudi, kama nilivyoambiwa, wakabaki Mjerumani mmoja kijana na mimi. Binti akatugawia karatasi moja moja iliyochapishwa na nyumba ya wageni. Maneno ishirini ya Kitoda kwa herufi za Kiingereza, na maana zake. Kitoda hakina maandishi yake. Huazima ya Kitamil au hizi za kwetu. Nikaisoma haraka. Mstari wa tatu: *poos*, maziwa. Mstari wa nane: *poos*, lugha. Nikadhani ni kosa la chapa.

"Si neno moja?" nikauliza.

Binti akamtafsiria mama yake. Bibi yule akanitazama kama nilivyowahi kuwatazama wanafunzi wangu wanaoandika "kula" penye "kura". Akaweka chini kikombe chake. Akasema neno la kwanza. Akasema la pili. Akanyamaza.

Ndugu zangu, nimefundisha miaka thelathini na sikusikia tofauti.

Akarudia. Mjerumani akatikisa kichwa kwamba ameisikia, na mimi nikamwonea wivu wa kitoto. Mara ya tano hivi ndipo masikio yangu yakafunguka. La pili lilikuwa na sh, sh hii yetu ya shamba, bapa la ulimi limeinuka na pumzi inapita kwa upana. Hiyo ndiyo lugha: *poosh*. La kwanza halikuwa s yetu wala sh yetu. Lilikaa kati. Nikamwomba binti anionyeshe ulimi wake uko wapi, naye bila haya akafungua kinywa akanielekeza kwa kidole: ncha, ncha yenyewe peke yake, imepanda juu ya ufizi, ikarudi nyuma kidogo, na pumzi inachomoza juu yake kama mluzi uliozuiwa. Hayo ndiyo maziwa.

Watu ambao kwao maziwa ni ibada, wanayatenga na lugha kwa upana wa kucha ya ulimi. Nilitaka kusimama.

Bibi hakunipa nafasi. Akaongeza la tatu: *koos*, fedha. Hii nilifurahi, maana ilikuwa karibu na s ya nyumbani, ulimi umelala mbele kabisa penye meno. Kisha la nne, ambalo karatasi haikuwa nalo kabisa: *poos* nyingine, ambayo ulimi unakunjwa nyuma hadi upande wake wa chini unaelekea kaakaa gumu, ndipo s inatoka, nzito, ya ndani. Hilo, akasema binti, ni jina la mahali petu. S nne. Sisi tuna s na sh, tunajiona matajiri.

Yule kijana Mtamil, aliyekuwa ameegemea nguzo akila karanga, akachangia kwamba kwao maziwa ni *paal* na fedha ni *kaasu*. Hapo nikaona njia nzima kama mtu aliyewashiwa taa. Hizi ni lugha za ukoo mmoja, ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kikannada na Kimalayalam na Kitelugu. Paal ikaja huku juu, a ndefu ikawa o ndefu, l ya mwisho ikageuka hiyo s ya ufizini. Ni kama sisi Wamvita tunavyosema mato na kuteka, Mwunguja akasema macho na kucheka: hakuna aliyekosea, ni sauti zimeachana njiani. Nikawaeleza. Binti akalijaribu neno "mato", akalipata mara ya kwanza. Bila shaka. Mwenye s nne ashindwe na mato?

Vokali tulizipitia upesi. Zipo kumi na sita: nane za aina mbalimbali, kila moja ikiwa fupi na ikiwa ndefu. Kiswahili kina tano. Ipo moja ambayo midomo inachongoka kama ya u lakini ulimi umebaki kwenye i. Mjerumani aliitamka kama mtu aliyezaliwa nayo, nikaambiwa kwao ipo. Nikamwacha afurahi.

Kilichonimaliza ni kimadende. Wanafunzi wangu wangelipa kuniona. Kiswahili kina r moja, na hata hiyo moja wako wananchi wa Kenya wanaogombana nayo kila uchaguzi, wakaenda kupiga "kula". Kitoda kina vimadende vitatu. Ulimi unatetemeka penye meno. Au unatetemeka penye ufizi. Au unaanza umekunjwa nyuma kisha unaachiwa ukitetemeka kuja mbele. Na kila kimoja kina pacha wake laini, kana kwamba y ndogo imepandikizwa mkiani. Sita. Bibi alitamka maneno matatu ambayo karatasi iliyaandika yote *kar*. Moja ni maji ya tunda au mmea, moja ni zizi, moja ni pindo la nguo. Akamwonyesha binti yake pindo la shali, akanionyesha mimi zizi la mawe kule chini, akataka niseme. Nikasema. Akacheka, si kwa dharau, akasema kitu ambacho binti alikataa kunitafsiria hadi nilipomsihi: nimeingiza nyati ndani ya nguo.

Nikajaribu tena. Nyati hakutoka.

Haya si mambo ya juzi kuwashangaza watu. Mkanada Murray Emeneau alipanda milima hii mwaka 1935 akaisikiliza lugha hii kwa masikio na kalamu, na sarufi yake ilitoka 1984. Aliishi hadi 2005, miaka 101, na nadhani ningekuwa na sauti hizi kichwani nami nisingekubali kufa mapema. Miaka ya 1990 Peter Ladefoged wa Los Angeles na Peri Bhaskararao wakazirekodi kwa vyombo, na tangu hapo vimadende vya Kitoda na s zake nne vimekuwa mifano ya darasani kwa wanafonetiki, wataalamu wa sauti za lugha, kote duniani. Kwa hesabu yao, vikwamizi vya Kitoda, zile sauti za pumzi inayokwaruza, vinatengenezwa mahali saba tofauti kinywani, kuanzia midomo ya f hadi nyuma kwenye kh ya kheri. Hakuna lugha nyingine ya Kidravidi inayofikia hapo. Maneno ya asili ya Kitamil hayana hata f. Na l wanayo ya kawaida, na wanayo pia l isiyo na sauti ya koo, pumzi inakwaruza pembeni mwa ulimi kama paka aliyekasirika. Hiyo niliipata! Niandikie hiyo.

Nikiwa bado na furaha ya l ile, ikaletwa chai. Ilikuwa ya rangi. Sisi wa Mombasa chai ya rangi tunainywa, lakini baridi ile ilitaka maziwa, na mimi nilitaka kuonyesha nilichojifunza. Nikanyoosha kikombe kwa bibi nikasema neno langu kwa ujasiri wote.

Kimya. Kisha mzee wa shali, yule aliyekuwa hajafungua kinywa tangu tufike, akasema maneno matatu, na wote watatu wakacheka hadi bibi akajifuta macho kwa pindo, pindo lilelile. Binti akaniambia, "Anasema lugha umeshamiminiwa ya kutosha, kikombe kimejaa."

Maziwa nililetewa.

Na kwa kuwa mzee amekwisha kuvunja kimya, binti akamwomba aimbe. Hakuchelewa. Ni wimbo wa sauti ya chini, hauna ngoma, na hata bila kujua neno nilishika mpango wake mara moja: kipande kifupi, halafu mwenzake wa urefu uleule, halafu kipande, halafu mwenzake. Ukwapi na utao, kama nusu mbili za mshororo wa shairi letu! Nikauliza. Binti akasema ndivyo, kwamba katika nyimbo zao kipande hakiendi peke yake, lazima kiwe na mwenzi, na maneno mengi yana mwenzi wake anayejulikana, na mtunzi hutunga papo hapo juu ya jambo lililotokea. Na huu je, ni juu ya nini? Akacheka. Juu ya wageni waliokuja na mwavuli siku isiyo na mvua. Mwavuli ulikuwa wangu.

Basi nitoe na malalamiko, maana tathmini isiyo na malalamiko huwa imelipiwa.

Gari la kutuchukua kutoka mwisho wa njia lilichelewa dakika hamsini, na penye kusubiria hapana kivuli wala choo. Mwenye umri wangu ajipange. Chakula cha mchana kilikuwa wali, dengu na maziwa ya mgando; kizuri, ila kilikuja kabla ya somo, na wali una usingizi. Wangekigeuza. Na somo lenyewe wamelitengea dakika arobaini, baada ya wageni kuchoka, wakati ndilo peke yake ambalo hulipati mahali pengine. Nyika nzuri zipo hata Aberdare. Shali unaweza kununua dukani mjini. Lakini bibi aliyekaa mbele yako akakuzuilia kikombe hadi uyatenge maziwa na lugha, huyo yuko kibaraza kimoja. Mimi ningelipandisha juu ya tangazo kwa herufi kubwa, na ningemwongezea bibi fungu lake. Niliuliza anapata kiasi gani katika zile rupia 1,800, nikapewa jibu la kuzungukazunguka. Kwa hiyo nikampa yangu mkononi, na ninawashauri mfanye vivyo hivyo, kwa mikono miwili, baada ya chai.

Tena karatasi. Hii ndiyo iliyonikera kuliko gari. Watu wana s nne, unawaandikia moja. Wana r sita, unawaandikia moja. Mgeni anaondoka na karatasi inayomwambia kwamba maziwa na lugha ni neno moja. Nilipokuwa chumbani usiku nilikuwa nimeshaandaa kichwani maneno makali ya kuwaandikia. Nikakumbuka nyanya yangu. Yeye alikuwa na kaa la moto na k'aa wa baharini, la pili likitoka na pumzi ya kuzimia mshumaa. Alikuwa na paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Ukizichanganya alikuuliza kama utalala chini ya mnyama. Na mimi, Bi. Kimadende, miaka thelathini nimeyaandika ubaoni kaa na paa, moja moja, nikawaambia watoto maana itajulikana katika sentensi. Wanangu wa kuzaa hawana ile pumzi. Mmoja ndiye huyo aliyenifukuza hospitalini nikapumzike.

Maneno makali nikayaacha. Nyota nimepunguza bado.

Usiku huohuo, kwa kuwa usingizi ulikataa, nilifanya jambo la aibu kidogo. Wanafonetiki hupaka ulimi unga wa makaa uliochanganywa na mafuta, mtu akatamka neno moja, kisha wakaangalia kaakaa kwa kioo waone ulimi uligusa wapi. Makaa sikuwa nayo. Nilikuwa na pakiti ya kakao ya hoteli. Nikajipaka, nikasema *poosh*, nikachungulia kwa kioo cha poda na tochi ya simu: weusi umepanda pande zote mbili kwa upana, katikati njia nyeupe. Nikasukutua. Nikajipaka tena, nikasema maziwa, kwa jinsi bibi alivyonielekeza. Alama ikawa nyembamba, juu mbele, njia yake ndogo kama tundu la sindano. Nilikuwa nimeipata. Saa sita kasoro usiku, kakao hadi kidevuni, hakuna shahidi.

Shali nilinunua palepale kibarazani, ndogo ya mabegani, rupia 2,400, sikuomba kupunguziwa kwa kuwa nilizihesabu safu za sindano nikaona haya. Mzee wangu anaitandika juu ya goti jipya. Amezoea kunisikia jikoni asubuhi nikiwa na paketi ya maziwa mkononi nikinong'ona, na haulizi tena.

Anayekwenda: Februari asubuhi ni baridi ya kweli, beba koti. Viatu vya kufunga, si ndara. Chupa ya plastiki iache, wilaya nzima imezipiga marufuku, nasi tuliozoea marufuku ya mifuko tangu 2017 hatuna la kusema. Usipige picha hekalu. Ukiulizwa kama umechoka, sema hujachoka.

Na ile karatasi, kabla sijaondoka, niliisahihisha kwa kalamu na binti yule akanisaidia kwa simu, neno kwa neno, ishirini yote, nikaibandika pale ubaoni kwenye mapokezi juu ya tangazo. Kama mkiikuta bado ipo: s yenye mstari chini ni ya maziwa, yenye nukta chini ni ya mahali, isiyo na kitu ni ya fedha. Ya lugha nimeiandika sh.